Moyo wa huruma unatosha kusomea ustawi wa jamii?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 26, na kwa miaka mitatu sasa natunza hesabu katika ofisi moja. Mama yangu aliugua muda mrefu, mimi ndiye niliyemuuguza, na kipindi kile ofisa mmoja wa ustawi wa jamii alitushika mkono hadi nikaapa kwamba nami nitaifanya kazi hiyo. Sasa vyuo viwili vimenikubali. Kimoja kina jina kubwa. Cha pili hakijulikani sana, ila nasikia kinawapeleka wanafunzi fildi (mafunzo kwa vitendo) mapema. Marafiki huniletea shida zao na huniambia nina moyo. Hofu zangu ni mbili: nalia upesi, halafu naogopa nitasoma miaka yote hiyo nitoke na cheti tu, sijui kumsaidia mtu. Nichague chuo gani, na nifanye nini miezi hii kabla masomo hayajaanza?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na machozi, maana umeyaandika kama mtu anayeungama kosa.

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliketi na mama mmoja akinisimulia siku yeye na watoto wake walipotolewa kwenye nyumba ya kupanga. Mkononi alikuwa na kipande cha karatasi, risiti ya mwezi wa mwisho aliolipa kodi. Akawa anakikunja, anakikunjua, anakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama ukucha. Nilipokitazama kile kikaratasi machozi yakanitoka. Akanyamaza. Akainuka kwenye kiti chake, akaja upande wangu, akaniwekea mkono begani akasema, "Pole, usilie. Tutapata tu pa kukaa." Nilitoka pale sijamuuliza watoto walilala wapi usiku uliopita, na hilo ndilo lilipaswa kuwa swali langu la kwanza.

Sikukosea kwa kuumia. Nilikosea kwa kuwa nusu saa ile ilikuwa yake nami nikaigeuza yangu, hata aliyekuja kutafuta msaada akaanza kunisaidia mimi. Tangu siku ile sijawahi kumwambia mwanafunzi "usilie". Humwambia ajichunguze: machozi yakikujia, bado unamwona mtu aliye mbele yako, au umeanza kujiona mwenyewe? Mwaka 1957 Felix Biestek, padre wa Marekani aliyekuwa pia mwalimu wa fani hii, aliorodhesha misingi saba ya uhusiano kati ya mhudumu na mteja, nayo inafundishwa mpaka leo. Mmoja wapo ni kujihusisha kihisia kwa kiasi. Maana yake si kuwa jiwe. Ni kuhisi anachohisi mwenzako, kukielewa, kisha kuitumia hisia hiyo kujua la kufanya kwa faida yake. Kiasi hicho hujifunzwa. Aliyezaliwa analia upesi anaweza kukifikia, na kwa uzoefu wangu humchukua muda mfupi kuliko aliyezaliwa hahisi kitu.

Sasa tuje kwenye huo moyo wanaousifu marafiki zako. Wiki hii, rafiki akija na shida yake, jitazame unafanya nini. Wengi wetu humsikiliza mtu dakika mbili tu, kisha tunaanza: "Ningekuwa mimi ningemwacha," au "Nenda kamwambie hivi." Hiyo ni huruma ya kweli, lakini ndani yake tumemnyang'anya mwenye shida shida yake. Katika misingi ile saba upo mwingine unaosema mteja ana haki ya kuamua mwenyewe juu ya maisha yake. Ukiusoma darasani unaonekana mwepesi. Subiri siku utakapokaa na mtu anayetaka kurudi mahali ambapo wewe unaona kabisa ataumia, ndipo utajua uzito wake.

Kwa hiyo jaribu zoezi hili kuanzia kesho. Dakika kumi za kwanza usitoe ushauri wowote. Sikiliza, kisha mrudishie kwa maneno yako ulichokisikia: "Kwa hiyo kinachokuuma zaidi si ile pesa, ni kwamba alikuficha?" Kisha nyamaza. Kama umepatia utamwona anashusha pumzi na kuanza kusema jambo ambalo hakupanga kulisema. Kama umekosea atakurekebisha, na katika kukurekebisha atajielewa mwenyewe zaidi. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeipa njia hii uzito wa kitaaluma katika miaka ya 1940, alikuwa akirekodi mazungumzo ya ushauri nasaha na kuyachambua na wanafunzi wake neno kwa neno.  Utashangaa jinsi ukimya wa sekunde tano unavyokuwa mrefu, na jinsi ulivyo vigumu kutoujaza.

Lakini usidhani kazi yote ni kuketi na kusikiliza, maana hapo ndipo wanafunzi wengi huvunjika moyo katika muhula wa kwanza. Wanakuja na huruma, wanakuta sheria, takwimu, sera na mbinu za utafiti, wanajiuliza kama wamekosea darasa. Hawajakosea. Jane Addams na mwenzake Ellen Gates Starr walipoifungua Hull House, nyumba ya kuwahudumia majirani maskini huko Chicago, mwaka 1889, kwa kufuata mfano wa Toynbee Hall, nyumba ya aina hiyohiyo iliyofunguliwa London mwaka 1884, walihamia kuishi katikati ya watu maskini waliokuwa wamehamia mjini. Baada ya kukaa nao waliona magonjwa ya watoto hayatenganishiki na takataka zilizorundikana vichochoroni bila kuzolewa. Addams angeweza kuendelea kuwafariji mama zao. Badala yake, mwaka 1895 alipata uteuzi wa kuwa mkaguzi wa takataka wa kata ile, akawa anaamka alfajiri kuyafuata magari ya taka kuhakikisha yanafanya kazi. Mwaka huohuo wakazi wa Hull House walichapisha ramani za mtaa wao zinazoonyesha, nyumba kwa nyumba, kila familia inaingiza kiasi gani na imetoka nchi gani. Takwimu zilikuwa namna yao ya kuwapenda majirani.

Huo ndio mkondo mmoja wa fani yako: kubadilisha mazingira yanayomuumiza mtu. Mkondo wa pili ni wa Mary Richmond, mmoja wa waasisi wa fani hii Marekani, aliyetaka kila familia ichunguzwe kwa makini kabla mtu yeyote hajasema inahitaji nini, na mwaka 1917 akachapisha kitabu kizima juu ya namna ya kukusanya na kupima ushahidi kuhusu hali ya mteja. Mwaka 1898 New York iliendesha kozi ya wiki sita ya kiangazi kwa wahudumu wa misaada, na kutoka kwenye hizo wiki sita kikazaliwa chuo ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Columbia. Watu waliokuwa na moyo tayari waligundua kwamba moyo peke yake unaumiza watu. Kwa hiyo ukikaa kwenye somo la sheria ya familia ukasinzia, kumbuka kuna siku mama atakuuliza kama anaweza kuondoka na watoto usiku huohuo, na huruma yako haitamjibu.

Na wewe una akiba ambayo wenzako wengi hawana: miaka mitatu ya hesabu. Usiione kama miaka iliyopotea. Mtu anayejua kuisoma orodha ya madeni ya familia na kuona ni wapi pesa inavuja ana thamani kubwa sana katika kazi hii.

Sasa vyuo. Nitakuwa wazi: jina la chuo ni jambo dogo. Kitu kitakachokufanya ujue kumsaidia mtu ni fildi, na kitakachoifanya fildi ikufundishe ni msimamizi. Nchini Marekani, baraza linaloidhinisha mafunzo ya fani hii linadai saa zisizopungua 400 za mafunzo kwa vitendo katika shahada ya kwanza, na 900 katika shahada ya uzamili. Kila nchi ina kiwango chake, basi kiulizie cha kwenu kisha uone kila chuo kinakifikiaje. Lakini usiishie kwenye saa. Nimewapokea wanafunzi waliokaa miezi mitatu kwenye taasisi wakipanga mafaili na kupokea simu, na saa zao zikasainiwa zote. Uliza: kila wiki nitakaa na msimamizi muda gani, ana kwa ana? Msimamizi huyo amesomea fani hii? Ataniona nikizungumza na mteja, au atasikia tu ninachomsimulia? Nikipelekwa mahali pabaya, chuoni nani ana mamlaka ya kunihamisha? Chuo chenye fildi nzuri kitakujibu kwa majina na siku za wiki. Kisichokuwa nayo kitakupa kipeperushi.

Ngoja nikuonyeshe usimamizi ni kitu gani, maana neno lenyewe linasikika kama kukaguliwa.

Nikiwa mwanafunzi niliandika taarifa ya mama niliyemhoji: "Mteja ni mkaidi na hatoi ushirikiano." Msimamizi wangu aliichukua kalamu, akazungushia neno "mkaidi", akaniuliza, "Hili uliliona wapi?" Nikasema, alikuwa hajibu. Akasema, "Hajibu nini? Niandikie ulichokiona na ulichokisikia. Ukaidi hauonekani kwa macho." Nilikasirika, lakini nikarudi kuandika: "Nilimuuliza mara tatu kuhusu mume wake. Mara zote tatu alitazama mlango na hakujibu. Maswali mengine yote aliyajibu." Nikasimamisha kalamu. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nje ya mlango alikuwepo nani?"

Nje ya mlango alikuwepo mume wake. Ndiye aliyemleta.

Neno moja la hukumu lilikuwa limeifunika hatari yote. Jalada lile lingesomwa na ofisa mwingine baada yangu, naye angemkuta "mkaidi" akamshughulikia kama mkaidi. Tulipanga tumwone tena akiwa peke yake. Kila ninapomfundisha mtu kuandika taarifa huanza na hilo: weka ulichokiona mahali pake, alichokisema mteja mahali pake na katika maneno yake mwenyewe, na unachokifikiri wewe mahali pake, ukikitaja waziwazi kuwa ni fikra yako. Mhasibu hachanganyi mapato na makadirio. Wewe utalielewa hili haraka.

Na kwa kuwa nimemtaja mama yule, kuna jambo moja la maadili ambalo sitaki ulisubiri mpaka mwaka wa pili. Mtu atakuinamia akuambie, "Nikwambie kitu, lakini uniahidi hutamwambia mtu." Ulimi wako utataka kusema naahidi. Usiseme. Usiri ni nguzo ya kazi hii, lakini una mipaka: mtoto akiwa anaumizwa, mtu akiwa na nia ya kujidhuru, au akiwa na nia ya kumdhuru mwingine. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo la California, katika shauri la Tarasoff, iliamua kwamba mtaalamu wa afya ya akili ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu ambaye mteja wake ametishia kumdhuru. Nchi nyingine zina sheria zao, nawe utazisoma za kwenu, lakini swali lililofika pale litakufikia popote ulipo. Kwa hiyo mipaka hiyo isemwe mwanzoni, kabla siri haijatoka, kwa maneno ya kawaida: "Unayoniambia yatabaki hapa, isipokuwa nikiona wewe au mtu mwingine yuko hatarini. Hapo nitalazimika kuwashirikisha wengine, na nitakuambia wewe kwanza." Wapo watakaonyamaza baada ya kusikia hivyo. Wengi wao hurudi, kwa sababu wamejua huwadanganyi.

Umeniambia kuhusu mama yako kwa sentensi moja tu, nami sitaichimba. Ila nakuomba usiombe fildi yako ya kwanza hospitalini, kwenye wodi za wagonjwa wa muda mrefu. Najua utavutwa huko, na ipo siku utafaa huko kuliko wengi. Kwa sasa kila mgonjwa atakuwa mama yako, na kila binti anayeuguza atakuwa wewe. Utamwambia "najua unavyojisikia", na hutakuwa unajua, kwa sababu yake si yako. Anzia kwa vijana, au wazee, au watu wanaotafuta makazi. Na kama kuna mtu unayeweza kuzungumza naye juu ya kipindi kile cha kuuguza, mshauri nasaha au mtu mzima unayemwamini, fanya hivyo miezi hii. Katika kazi yetu wewe mwenyewe ndiye chombo, na chombo hukaguliwa kabla ya safari.

Watakuambia pia kwamba kazi hii inamaliza watu. Ni kweli, ila sababu husimuliwa vibaya. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliuandikia kitaalamu uchovu huu wa kazi mwaka 1974, baada ya kuwaona watu waliojitolea kwenye kliniki ya bure huko New York, tena wenye ari kuliko wote, wakizima kama taa. Mwanasaikolojia mwingine, Christina Maslach, na wenzake wakaja kuonyesha kwamba una sura tatu: kuishiwa nguvu, kuanza kuwaona watu kama vitu au kesi, na kuhisi hakuna unachokifanya kinachosaidia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kuwa ni hali inayotokana na mazingira ya kazi, likaweka wazi kuwa haliuhesabu kama ugonjwa. Shika hilo la mazingira. Ukipewa mafaili mengi kuliko uwezo wa binadamu, bila msimamizi na bila sauti katika maamuzi, utachoka hata ukipumzika kila Jumapili. Basi ukifika kwenye usaili wa kazi, nawe uwaulize: kila ofisa ana wateja wangapi? Nani husikiliza maofisa baada ya kesi nzito? Usione haya kuuliza. Dalili ya kwanza kwangu mimi huwa ni ile sura ya pili. Nikijisikia nasema "ile kesi ya saa nne" badala ya jina la mtu, najua nina jambo la kupeleka kwa msimamizi wiki ile. Ndiyo, mpaka leo nina msimamizi.

Miezi hii iliyobaki, ukiacha lile zoezi la kusikiliza, tafuta mahali pa kujitolea saa mbili au tatu kila wiki, bila kukosa, kwa miezi yote. Afadhali saa mbili za kila Jumanne kuliko wiki nzima ya shauku halafu ukatoweka, maana watu unaokwenda kuwaona wameshaachwa na wengi. Soma mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia ambao Shirika la Afya Duniani na wenzake waliutoa mwaka 2011. Ni mfupi na unapatikana bure, na umejengwa juu ya vitendo vitatu: angalia, sikiliza, unganisha. Hicho cha tatu ndicho wanaoanza hukisahau. Kwa hiyo chukua daftari, uzunguke mwenyewe ujue katika eneo lako nani hushughulikia nini: mtoto aliyepotea apelekwe wapi, mwanamke anayepigwa afikie mlango gani usiku, fomu ya msaada wa kisheria inachukuliwa dirisha lipi na anayehudumu pale anaitwa nani. Kumpa mtu rufaa si kumwandikia jina la ofisi kwenye karatasi. Ni kujua kwamba akifika atakuta mlango uko wazi.

Kwa hayo uliyonieleza, mimi naelekea chuo cha pili, kwa sharti kwamba kikujibu yale maswali ya usimamizi kwa majina. Kikishindwa, na kile chenye jina kubwa kikajibu vizuri, nenda kule. Vipigie simu vyote viwili wiki hii.

Na yule ofisa aliyewashika mkono, kama bado yuko kazini, nenda ukamsalimie. Usimuulize habari za chuo. Muulize, siku zile alipokuwa akitoka kwenu, alikwenda kuzungumza na nani.